Uzi: Kuchora mandhari papo hapo, bustanini na jangwani, chini ya jua la kwetu

Brashi Kavu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mara mtu anapouliza humu namna ya kuanza kuchora mandhari nje, majibu anayopewa huwa ni orodha ya vifaa: stendi ya aina gani, sanduku la ukubwa gani, rangi za duka lipi. Vifaa vina nafasi yake, nami nitavigusa, lakini kwa maoni yangu jambo la kwanza kuamua ni saa. Mchoraji anayekwenda bustanini bila kuamua kwamba anachora mwanga wa saa ngapi ataanza na vivuli vya saa moja na nusu asubuhi, atamalizia na vivuli vya saa nne, na mti wake mmoja utakuwa unamulikwa na majua mawili. Watazamaji wengi hawatajua kasoro iko wapi, ila wataona kwamba picha haikai sawa.

Suala hili ni zito zaidi kwetu kuliko kwa walioandika vitabu vingi tunavyovisoma. Waandishi hao ni watu wa Ulaya na Marekani, na wanapomwambia mwanafunzi kwamba ana asubuhi nzima ya mwanga mzuri, wanasema kweli kwa nchi zao. Jua husafiri nyuzi 15 kwa saa popote pale duniani, lakini karibu na ikweta hupanda karibu wima, kwa hiyo saa mbili baada ya kuchomoza limeshafika kiasi cha nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Jijini Helsinki, siku za Machi au Septemba ambapo mchana na usiku hulingana, jua halifiki nyuzi 30 mpaka adhuhuri, na hapo ndipo mwisho wake. Kwa maneno mengine, mwanga ulioinama ambao watu wa Helsinki siku hizo wanao siku nzima, sisi tunao mpaka saa mbili na nusu asubuhi hivi, kisha unatuacha hadi alasiri.

Kwa hapa Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na karibu na katikati ya Oktoba. Nyakati hizo ukisimama bustanini adhuhuri utaona kivuli cha mnazi kimejikusanya shinani, majani yote yanang'aa kwa kiwango kimoja, na hakuna upande wa mwanga wala upande wa giza. Hapo umbo hupotea, kwa sababu umbo la kitu kwenye picha hujengwa na tofauti ya pande hizo mbili. Mwezi Juni hali ni nafuu kidogo, kwani hata adhuhuri jua huwa limeinama kuelekea kaskazini.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu. Achukue kanvasi ndogo, sentimita 20 kwa 25 inatosha kabisa, na ajiwekee kikomo cha saa moja na nusu. Akifika, asianze na maua wala majani. Achore kwa brashi pana mipaka ya vivuli vikubwa kama vilivyo dakika ile, avijaze kwa rangi moja iliyochanganywa na tapentaini au maji, kisha asivibadilishe tena hata vikihama mbele ya macho yake. Vivuli hivyo ndivyo saa ya picha. Kila atakachoongeza baadaye kitii saa hiyo.

Wale wanaodhani huu ni ukali usio na sababu wamkumbuke mchoraji Mfaransa Claude Monet, aliyechora mafungu ya nyasi karibu na nyumbani kwake Giverny, Ufaransa, mwaka 1890 na 1891. Alikwenda shambani na kanvasi kadhaa, na mwanga ulipobadilika aliiweka kando aliyokuwa nayo na kuchukua nyingine iliyolingana na saa mpya. Kesho yake saa ile ile iliporudi, akarudi kwenye kanvasi ile ya kwanza. Kazi za namna hiyo ziliwezekana pia kwa sababu ya kitu kidogo sana, yaani tyubu ya bati ya kuhifadhia rangi, ambayo Mmarekani John Goffe Rand aliisajili mwaka 1841 alipokuwa akiishi London. Kabla ya hapo rangi za mafuta zilibebwa katika vibofu vya nguruwe, vilivyotobolewa kwa pini na kupasuka ovyo safarini.

Sasa nije kwenye bustani yenyewe. Mimi huchora zaidi katika Bustani ya Mimea ya hapa Dar, jirani na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao. Tatizo la mahali kama hapo ni kijani. Kila kitu ni kijani, na mchoraji mgeni hufungua tyubu ya kijani akaipaka kuanzia juu hadi chini. Tazama jani moja tu la mgomba kwa makini. Sehemu iliyolala kuelekea juu haionekani kijani hasa. Inarudisha mwanga wa anga na kuwa na weupe wa bluu. Sehemu ambayo jua linapenya kutoka nyuma yake ina unjano mkali unaokaribia limau. Sehemu iliyojikunja kivulini ni kijani kizito chenye wekundu ndani yake. Hivyo jani moja linakupa rangi tatu zilizo mbali mbali, na ukizipata hizo tatu hutahitaji kuchora mishipa ya jani. Ndiyo maana mimi sibebi kijani cha tyubu hata kidogo. Nachanganya bluu ya ultramarini na njano, na kwa vivuli natia siena iliyochomwa (rangi ya udongo, kahawia yenye wekundu) au nyekundu kiasi ili kuvunja ukali wake.

Desemba mikrismasi ikichanua jambo hilo hugeuka. Nyekundu ya maua yale ni kali mno, na mwenye kuyachora yote kwa nguvu hiyo hiyo atapata picha inayopiga kelele. Maua yaliyo upande wa kivuli yanahitaji kupozwa hadi yawe karibu zambarau, ndipo yale machache yaliyo juani yatawaka.

Kuhusu vifaa, nitakuwa mfupi. Usichore kanvasi ikiwa juani, kwa sababu rangi juani huonekana angavu kuliko ilivyo, nawe utaichanganya nzito. Ukifika nyumbani utakuta picha imekuwa ya giza. Kama kivuli cha mti hakipo, tumia mwavuli mweupe au wa kijivu, maana mwavuli mwekundu utaipaka kanvasi yako wekundu usio wako. Vaa shati la kijivu au rangi iliyofifia, kwani shati jeupe hutupa mwanga juu ya rangi mbichi. Miwani ya jua ivuliwe kabla ya kuchanganya rangi.

Karibuni kwa michango, na hasa ningependa kusikia kutoka kwa wanaochora penye ukame, kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani.

Mkaa Karura

Mkuu, hongera kwa uzi huu. Naomba kutofautiana nawe katika jambo moja, nalo ni hilo la saa.

Sisi wa Nairobi tuna miezi ya Julai na Agosti ambapo mawingu hufunika jiji asubuhi nzima na mara nyingi mpaka alasiri. Katika hali hiyo mwanga hautoki upande wowote, unashuka kutoka anga lote kwa pamoja, na vivuli havina kingo. Nimekaa Arboretum, bustani ya miti ya hapa Nairobi, kuanzia saa tatu hadi saa saba bila kuona tofauti yoyote ya maana, na kanvasi ya nusu mita ikakamilika kwa kikao kimoja. Kwa hiyo kanuni yako ni ya siku za jua. Siku ya mawingu, mchoraji ana muda wa kutosha kuchora shina la mti kwa subira, na rangi za majani huonekana kamili zaidi kwa sababu hazikuunguzwa na mng'ao.

Wasioijua Arboretum wafahamu kwamba ilianzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti ambayo ingetoa kuni za kuendeshea garimoshi. Ina hekta 30 hivi, na kwa kuwa miti ililetwa kutoka pembe nyingi za dunia, unapata mashina ya kila aina ya gome mahali pamoja. Kwa mwanafunzi wa mandhari hiyo ni hazina.

Lingine ambalo hukuligusa ni walinzi. Katika bustani moja ambayo sitaitaja niliwahi kuzuiwa kufungua stendi kwa madai kwamba hiyo ni biashara na inahitaji kibali sawa na wapiga picha wa harusi. Sikubishana, nikakaa kwenye benchi na daftari la mapajani. Tangu hapo nafika ofisini kwanza, naeleza ninachofanya, naonyesha mchoro mmoja, na mambo huenda vizuri.

Brashi Kavu

Ndugu Mkaa Karura, hoja yako ya mawingu naikubali, na inanifaa hata mimi, maana masika yetu yana siku za namna hiyo. Nitaongeza tu kwamba mawingu nayo yana hatari yake: anga linakuwa chanzo cha mwanga, hivyo mara nyingi ndilo eneo lenye weupe kuliko yote kwenye picha, na wengi hulichora la kijivu kizito kwa kudhani kwamba wingu lazima liwe zito. Ukilinganisha na ardhi utaona wazi kwamba ardhi ndiyo yenye giza.

Kuhusu Nairobi na mwanga wake, wapo waliotangulia kushangaa. Mchoraji wa Kifini Akseli Gallen-Kallela alifika huko mwaka 1909 na familia yake, akachora Mlima Kenya, nyika na watu, na kazi zake za kipindi hicho zina rangi kali ambazo hazifanani na zile za misitu ya kwao. Ukizipata mtandaoni tazama vivuli vyake: vina bluu na zambarau, havina weusi.

Bin Pwani wa Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Oman, na mwanzisha uzi ameomba habari za ukame, basi nichangie.

Jangwa ninaloliendea ni Mchanga wa Sharqiya, ambao wengi bado wanauita Wahiba, kusini ya Muscat. Msimu wa kuchora ni kuanzia Novemba mpaka Februari. Sababu ya kwanza ni joto, na hiyo haina haja ya maelezo. Sababu ya pili ni ile ile aliyoieleza mwenzetu: Desemba jua la huku halipandi zaidi ya nyuzi 45 hivi hata adhuhuri, kwa hiyo vivuli vipo siku nzima. Juni jua hupita karibu na utosi, na tuta la mchanga lenye urefu wa jengo huwa halina umbo lolote.

Matuta makubwa ya Sharqiya yamelala kutoka kaskazini kwenda kusini. Jambo hili linamwamulia mchoraji mengi. Asubuhi ubavu wa mashariki ndio unaowaka na wa magharibi uko kivulini. Jioni mambo hugeuka. Kati ya hapo, adhuhuri ya majira ya baridi, jua linakuwa upande wa kusini na mwanga wake unapita sambamba na migongo ya matuta, ukigusa mbavu zote mbili nusu nusu. Mimi hukaa bondeni, nikatazama kaskazini, ili tuta moja liwe kulia kwangu na jingine kushoto: moja lina mwanga, moja lina kivuli, na picha inajipanga yenyewe.

Rangi ya mchanga huwadanganya wageni. Wanakuja na njano nyingi. Mchanga huu una wekundu wa kutu, hasa upande wa kaskazini, na hupauka kadiri unavyokaribia bahari. Ukichukua okra ya njano (rangi ya njano ya udongo), ukatia siena iliyochomwa na nyeupe, uko karibu. Lakini kazi iko kwenye kivuli. Sehemu ya juu ya kivuli cha tuta inatazama anga, basi inachukua bluu. Sehemu ya chini, karibu na bonde, inapokea mwanga unaorudishwa na mchanga wa ng'ambo ulio juani, basi inakuwa na joto la rangi ya chungwa. Kivuli kimoja, kutoka juu hadi chini, kinatoka baridi kwenda moto, na kingo yake ya juu ni kali kama kisu. Ukikipaka rangi moja tu, tuta lako litaonekana ni ukuta wa kadibodi.

Miti ya ghaf iliyosimama peke yake husaidia sana, kwani bila kitu chenye ukubwa unaojulikana mtazamaji hawezi kukisia kama tuta lina mita tano au mita tisini. Ngamia pia anafaa, ila hatulii.

Kijana wa Arusha

Shikamooni wakubwa zangu. Ninaanza tu, na nina maswali mawili.

La kwanza, kwa nini nisipige picha kwa simu saa moja asubuhi, nikarudi nyumbani nikachora kwa utulivu bila upepo, bila walinzi na bila hofu ya saa? La pili, kuna mtu amewahi kuchora ule mchanga mweusi unaohama karibu na Oldupai? Nilipita hapo na shule na sikuwa na kifaa chochote.

Brashi Kavu

Marahaba kijana wetu.

Simu haijakatazwa, lakini ujue inachokunyima. Kamera hupima mwanga na kuchagua kiwango kimoja kwa picha nzima. Ikipima anga, chini ya mwembe panakuwa peusi. Ikipima chini ya mwembe, anga linakuwa karatasi nyeupe. Jicho lako hufanya kazi tofauti, linahama kutoka kivulini hadi angani na kujirekebisha kila linapohama, ndiyo maana ukiwa pale pale uliona wekundu na bluu ndani ya kivuli ambavyo kwenye simu havipo tena. Anayechora kwa picha peke yake huishia kuiga makosa ya kamera, na vivuli vyeusi ndivyo vinavyomtambulisha.

Ikiwa huwezi kukaa na kanvasi, ipo njia ya kati iliyotumiwa tangu zamani. Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alipokwenda Moroko mwaka 1832 alijaza madaftari kwa michoro ya haraka, akapaka rangi za maji kidogo, na pembeni akaandika kwa maneno rangi za kuta, nguo na anga. Michoro hiyo ilimlisha kwa miaka mingi baadaye akiwa Paris. Nawe piga picha ya simu kwa ajili ya maumbo, halafu katika daftari andika: kivuli cha njia, zambarau, chepesi kuliko shina, anga karibu na upeo wa macho, njano, anga juu, bluu nzito. Dakika kumi zinatosha.

Mchanga wa Oldupai nimeuona lakini sijauchora. Ni jivu la volkano lililotoka Oldoinyo Lengai, umejikusanya katika umbo la mwezi mwandamo na husogea takriban mita 17 kwa mwaka. Uko ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, hivyo kuna ada na taratibu. Kwa mchoraji ni mtihani mzuri, kwa sababu huwezi kutumia desturi ya mchanga mwepesi wenye kivuli kizito: mchanga wenyewe ndio mzito, na nyasi kavu zinazouzunguka ndizo zenye mwanga. Ningeanza na nyasi.

Maji na Karatasi

Naona watu wa rangi za mafuta wametawala uzi. Naomba niwatetee wa rangi za maji, kwa kuwa ndizo ninazobeba ninapopita Marsabit na jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kikazi.

Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka, ni bapa kabisa, na ina sehemu nyeupe za chumvi ambazo mchana huumiza macho. Kwenye karatasi weupe huo unaupata bure, unauacha tu bila kupaka. Shida ni ukavu wa hewa: rangi hukauka kabla brashi haijafika upande wa pili wa anga, na kingo za maji hubaki kama alama za ramani. Dawa yake ni matone machache ya gliserini katika maji ya kuchanganyia, na kuilowesha karatasi pande zote mbili kabla ya kuanza. Ukirudi Mombasa, gliserini hiyo iache nyumbani, kwa maana unyevu wa pwani utaifanya picha isikauke hadi jioni.

Walio na mashaka na rangi za maji penye ukame wakumbuke kwamba wachoraji Paul Klee na August Macke walipokwenda Tunisia mwezi Aprili 1914, kazi zilizowapa sifa kutoka safari ile fupi nyingi ni za rangi za maji.

Na upepo je? Kule kwetu mwavuli ni ndoto. Unang'olewa pamoja na stendi.

Bin Pwani wa Muscat

Kwa upepo, dada au kaka Maji na Karatasi, mimi nilifuata mfano wa mchoraji wa Kimarekani Georgia O'Keeffe. Alipokuwa akichora majangwa ya New Mexico alitumia gari lake la Ford kama karakana: alikigeuza kiti cha mbele kitazame nyuma, akaegemeza kanvasi kwenye kiti cha nyuma, akachora akiwa ndani, amejikinga na jua na upepo. Gari langu lina mlango mpana wa nyuma. Naufungua kuelekea upande usio na upepo, nakaa kwenye ukingo, kanvasi naibana kwa klipu. Ikibidi kusimamisha stendi nje, fungia mfuko uliojaa mchanga katikati ya miguu yake mitatu, mchanga hautakosekana.

Chembe zinazonata kwenye rangi ya mafuta zisikusumbue. Usizifute zikiwa mbichi, utaharibu zaidi. Subiri picha ikauke kabisa, kisha zipanguse kwa kitambaa kikavu. Nyingi zitadondoka na zitakazobaki ni za mahali pale.

Kijana wa Arusha

Ahsanteni sana wakubwa. Swali la mwisho: nikimaliza picha ya mafuta na bado ni mbichi, nairudishaje nyumbani kwa daladala?

Brashi Kavu

Chukua kanvasi mbili za ukubwa mmoja, hata kama moja ni tupu. Kata vizibo vinne vya chupa, vile vya magome, kila kimoja kiwe na unene wa sentimita moja, na upenyeze msumari mwembamba katikati ili utokeze pande zote mbili. Vichomeke kwenye pembe nne za fremu ya ile mbichi, kisha ufunikishe ya pili juu yake, zikitazamana, na uzifunge kwa kamba. Rangi haitagusa kitu. Kaa kiti cha dirishani na uzishike mapajani zikiwa zimesimama, kwa sababu ukizilaza mtu ataweka kikapu juu yake.

Kwa anayetumia akriliki hakuna haja ya hayo yote, maana itakuwa imekauka kabla hajakunja stendi. Kinachomsumbua yeye ni paleti (ubao wa kuchanganyia rangi) kukauka, na hapo aweke kitambaa chenye maji chini ya karatasi ya kuokea, achanganyie rangi juu ya karatasi hiyo, na akipumzika aifunike kwa mfuniko wa plastiki.

Ukishachora hapo Arusha, tuwekee picha humu pamoja na saa uliyoanza.